Mtoto Asiyelia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mwanao, Mheshimiwa wako, ambaye wakati naandika haya amekaa chini ya meza anavua soksi kwa mara ya nne tangu asubuhi. Hujambo huko bwawani? Mafua yameisha, au bado unapanda juu ya mitambo ukipiga chafya na kuwashtua mafundi wenzako? Sisi huku wazima. Mama naye hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu, ikifika mchana linamsahau, ndivyo anavyosema mwenyewe. Bado anaishi kwa kaka na bado wanagombania madirisha, yeye anafungua, kaka anafunga. Amenituma nikuambie ule vizuri na uache kulala na nywele mbichi.

Najua umeshangaa kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, dada, usinune, ni kweli, nami nikikatizwa hupata upenyo na kutoroka. Karatasi hainikatizi. Jumapili iliyopita uliniuliza swali moja nami nikakujibu hata kabla hujamaliza kuuliza. Ulisema mkataba wako wa miezi tisa unakaribia kwisha, kampuni imekupa mwingine wa miaka miwili, fomu iko mezani kwako, na unatakiwa kuisaini kabla ya mwisho wa mwezi. Ukasema utasaini endapo tu nitakuhakikishia kwamba mtoto hana shida. Nikakuambia hana shida hata chembe, saini. Sasa nakuomba uiache hiyo kalamu kwanza. Soma hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Acha nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Najua huko unawaambia watu kwamba mdogo wako ni mtafiti. Ukweli ni kwamba mimi hukanda unga. Kila asubuhi naingia chumba cha nyuma katika jengo la wadudu, navaa aproni, nachanganya unga wa ngano, mafuta ya kupikia na rangi, kisha nafinyanga viwavi. Kila kimoja kina urefu wa kidole changu cha mwisho. Nusu ni vya kijani, nusu vya kahawia, mia mbili kwa siku, na viganja vyangu vimepata rangi isiyojulikana ni ya nini. Wenzangu wananiita mpishi wa ndege. Mchana tunakwenda kuvibandika kwenye mimea ya shamba la majaribio, baada ya siku mbili tunavikusanya, nami nakaa na lenzi nikihesabu alama. Ndege akidonoa kiwavi cha unga huacha alama ya mdomo wake, panya huacha mistari ya meno. Kuna wakati tulipata alama za meno mapana yenye pengo katikati, tukasumbuka nazo siku nzima, mpaka mlinzi wa getini alipotusalimia huku akicheka.

Bosi wangu tunamwita Mzee Miwani, kwa sababu ana miwani tatu na zote huwa anazitafuta. Yeye ana somo moja na hachoki kulirudia. Husema hakuna kiwavi aliyewahi kuamka asubuhi akaamua kuwa wa kijani. Hapo zamani walikuwapo wa rangi tofauti tofauti. Walioonekana wakaliwa, wasioonekana wakabaki wakazaa, watoto wao wakafanana nao, vizazi kwa vizazi, hata leo ukitazama jani unaona jani tu na kumbe yupo. Kwa hiyo, husema, ukitaka kujua kwa nini mdudu ana rangi aliyo nayo, usimalize muda wako wote kwa mdudu, mtafute aliyekuwa akimla. Mimi somo hilo nimelisikia miaka sita. Nalijua kwa moyo, na huwa naliigiza kwa sauti yake na kukohoa kwake wakati wa chai, watu wakavunjika mbavu.

Ng'ambo ya ua wetu kuna jengo la watoto wachanga. Anayeliongoza ni daktari mmoja mwanamke, mfupi, mpole, anayetembea na saa ya kupimia mbio shingoni, nasi tukambandika jina la Mama Saa. Anachunguza namna watoto wanavyoshikamana na wanaowalea. Ana chumba chenye zulia, viti viwili, sanduku la vitu vya kuchezea, na kioo kikubwa ambacho aliye ndani anajiona, lakini walio nyuma yake wanamwona yeye. Mlezi anaingia na mtoto, wanacheza. Anaingia mgeni. Mlezi anatoka kwa dakika tatu, kisha anarudi. Basi. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia kwamba kumbe mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kutazama mtoto akililia mlango.

Sasa mwezi huu walipungukiwa na watoto, familia mbili zilihama mji, akaja kwenye jengo letu kuuliza ni nani ana mtoto wa umri kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Dada, unanijua. Mimi nilidhani ni mashindano. Nilimwambia mbele ya watu kwamba nina mtoto wa dada yangu, ana mwaka na miezi mitatu, ambaye halii. Hakulia alipochanjwa, hakulia alipopigwa na mlango, na nikiondoka nyumbani hata hageuki. Nikamwambia alete wale wa kwake wanaolilia kila kitu waje wajifunze.

Na nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kujificha. Nilimfanyisha mazoezi. Wiki nzima, kila jioni, nilimweka sebuleni na vikombe vyake, nikatoka, nikahesabu dakika tatu kwa saa ya ukutani, nikarudi. Akinyamaza nampa biskuti. Wala hakuhitaji mafunzo mengi, alikuwa amekwisha kufuzu zamani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilimvalisha lile shati la mistari ulilomtumia, ambalo tumbo lake linalisukuma mbele hasa kama la mheshimiwa. Walimbandika kifuani kidude kidogo kama kifungo, cha kusomea mapigo ya moyo, akakitazama kwa dharau akakiacha. Tukaingia. Akaanza kupanga vikombe. Mgeni akaingia, msichana mmoja wa ofisini kwao, akakaa. Nikatoka. Nikaenda nyuma ya kioo na kusimama na Mama Saa, nikimwonesha kwa kidole kijana wangu anavyopanga vikombe bila wasiwasi. Hakulia, hakwenda mlangoni, aliinua macho mara moja akayashusha. Nikarudi ndani. Hakunitazama. Alinigeuzia mgongo kidogo tu, vile mtu anavyogeuka kukwepa jua, akaendelea na vikombe. Nilipotoka naye nilikuwa natembea kama niliyebeba kombe. Nikasubiri pongezi.

Mama Saa hakunipongeza. Alinikalisha, akanipa maji, akanitandikia mezani karatasi ndefu yenye mistari ya mapigo ya moyo. Akaniambia huu ni wa mtoto wa jana, aliyelia mpaka akakauka sauti mlezi wake alipotoka, na aliporudi akamrukia, akatulia. Mstari ulipanda kama kilima kisha ukashuka. Halafu akanionesha wa Mheshimiwa. Dada, ulipanda kilima kile kile. Mapigo mia na sitini na kitu, mtoto ameshika kikombe, uso mkavu. Na niliporudi mimi ndani, haukushuka. Wa mwenzake ulishuka kwa sababu alibebwa. Wa kwetu ulibaki juu huko huko, naye anapanga vikombe.

Alinieleza taratibu sana. Alisema mtoto huyu anaumia sawasawa na wale wanaolia, ila amejifunza asionekane. Alisema si ugonjwa, wala jaribio la siku moja si hukumu, na kwamba mtoto hujifanya afae kwa mlezi aliye naye. Mlezi akibadilika, mtoto mdogo hivi naye hubadilika. Alisema pia, na hili nakuandikia neno kwa neno ili usije ukajibebesha lisilo lako, kwamba tatizo si mama kwenda kazini. Watoto wengi hulelewa na shangazi na bibi na wakashikamana nao vizuri kabisa. Kisha akaniuliza, nyumbani akilia huwa inakuwaje. Nikamjibu kwamba nimeshamwambia, halii. Akasema anauliza juu ya wakati ule alipokuwa bado analia. Nilibeba mtoto na mkoba nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko.

Kesho yake nilikuwa na trei ya viwavi vya kuhesabu. Vya kahawia tulivyobandika kwenye majani mabichi, katika mia moja, sitini na kimoja vilikuwa vimedonolewa. Vya kijani kwenye majani yale yale, vinne. Namba nzuri, Mzee Miwani alifurahi hadi akavaa miwani mbili kwa pamoja, akaanza tena somo lake, kwamba tusimtazame mdudu, tumtafute anayemla. Safari hii sikumwigiza. Nilishika kile kiwavi cha kijani kisicho na alama hata moja, laini, safi, nikakumbuka ule uso mkavu juu ya vikombe. Kiwavi anahitaji vizazi maelfu kuipata rangi yake. Mheshimiwa wako aliipata kwa siku tisa. Na aliyekuwa akimla sikuwa na haja ya kwenda mbali kumtafuta, ndege ni mimi.

Sasa nakwambia, na usimame hapo hapo ulipo usinikatize. Ulipoondoka alikulilia. Hilo nilikuambia kwenye simu, nikasema alilia kidogo akazoea. Hakulia kidogo. Kila jioni, saa ulizokuwa ukirudi kutoka kazini, alitambaa hadi mlangoni akakaa anautazama, na usipofunguka alianza. Siku za kwanza nilimbeba. Lakini nikimbeba aliniangalia usoni, akaona si wewe, akazidi. Hicho ndicho kilichonichoma. Nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha, nimefua, naye ananitazama kama mtu aliyefungua bahasha akakuta si yake. Jioni moja nikamweka chini, nikaingia jikoni, nikafunga mlango na kupandisha redio. Aliponyamaza nikatoka nikamsifu na kumbeba. Kesho yake hivyo hivyo. Akilia, naingia jikoni. Akinyamaza, natoka na tabasamu. Siku ya tisa alitambaa hadi mlangoni, akautazama, akageuka akarudi kwenye vikombe. Ndiyo siku niliyokupigia nikakuambia mtoto ametulia. Ulilia kwa furaha, nami nikajiona mlezi kweli kweli.

Tangu hapo mwendo ukawa huo. Anaanguka, natazama pembeni. Anaamka na homa anataka kubebwa, nampa dawa namlaza. Mama alipokuja kukaa nasi wiki moja alimwona ameanguka kwenye ngazi, paji la uso likavimba, naye akanyanyuka kimya akaendelea na safari yake. Mama aliniuliza mtoto huyu maumivu yake anayapeleka wapi. Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni mwanaume huyo. Mama alimchukua akambeba mpaka jioni, nami nikaona ananiharibia kazi.

Na zile sauti zako, dada, unazomrekodia kila wiki, za kumwimbia na kumwita. Nilimchezea mbili za mwanzo tu. Alikuwa akitafuta nyuma ya simu uko wapi. Zilizobaki, thelathini na moja, nimezihifadhi bila kumfungulia. Ulipoandika kuuliza kama anazipenda nilikujibu anazipenda mno.

Ukiwa makini utakuwa umeshahesabu siku. Jumanne ya Mama Saa ilikuwa siku tano kabla ya Jumapili uliyonipigia. Nilipokuambia mtoto hana shida, saini, karatasi ile ya mapigo ya moyo nilikuwa nimeshaiona. Sikukosea, wala sikupitiwa. Nilitaka usaini. Miaka miwili ingemfikisha miaka mitatu na zaidi, na kwa umri huo angekuwa wangu. Mimi sina mtoto, na umri huu unajua mwenyewe watu wameshaacha kuniuliza. Asubuhi anapolala ubavuni kwangu namnusa kichwa, nasema moyoni huyu wangu. Nilimfundisha asikuite ili siku ukirudi akutazame kama mgeni wa ofisini kwa Mama Saa. Sikulipanga hivi kwa maneno hata siku moja, lakini ukizikusanya siku zote pamoja, hilo ndilo nililolifanya. Nampenda, na nimemfanyia hayo nikiwa nampenda. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, nitakuomba ukiwa mbele yangu, na unipige kofi ukitaka.

Sasa usikimbilie kulia, kwa sababu mimi nikijua kosa huwa silali nalo, unanijua. Nilirudi kwa Mama Saa siku iliyofuata ile simu yako, nikamwomba radhi, nikamwambia yote. Hakunilaani. Alinipa kazi, na mimi kazi ninaiweza. Akiguna tu, namwendea. Akianguka, namwokota hata kama hakuomba. Nikitoka namuaga, nikirudi namsalimia kwa uso wote. Siku tatu za kwanza alinitazama kwa mashaka, kama ofisa anayekagua hati bandia. Siku ya nne alibana kidole kwenye droo, akanigeukia, mdomo ukatetemeka, nikamwahi. Alilia, dada. Alilia kwa kukwama kwama kama gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa, kisha akalia sawasawa. Mama Saa ameniambia ndiyo dalili tunayoitaka, na kwamba nikiendelea hivi atakuwa salama kwangu hata ukibaki huko miaka miwili. Nimeliandika hilo nalo kama lilivyo, sikulificha ili urudi, wala sikulikuza ili usaini. Ulisema utasaini kwa neno langu. Neno langu lile lilikuwa la uongo, nimelifuta, na sikupi jingine. Ukisaini, saini ukijua haya. Usiposaini, chumba chako nimeshakifagia.

Jambo moja nililibakisha. Leo asubuhi nilimkalisha mapajani nikafungua sauti zako, nikaanzia ya tatu. Ulipomwita mara ya kwanza aliganda. Mara ya pili alishuka, akatembea, maana sasa anatembea, moja kwa moja hadi mlangoni, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao. Miezi nane, dada, nami nikidhani nimekufuta. Akalia kwa mdomo wazi, kwa sauti nzima, bila kunitazama hata kidogo. Nilikwenda nikakaa chini karibu naye, nikamzungushia mkono, na sikumbembeleza aache. Alikuwa anakuita wewe, nikamwacha akuite.

Msalimie yule mpishi wenu wa kambini anayekuwekea sehemu kubwa, na mafundi wenzako wote. Kaka anakusalimu, Mama anakusalimu zaidi. Jitunze na hizo chafya.

Akupendaye,
Mdogo wako